Tawi la Njia Panda

Pale njia panda ya Skalnica pana nguzo ya mbao ambayo siku nyingi za mwaka haina kazi. Inapigwa na upepo, mbwa wanaikojolea, basi. Lakini nyumba mojawapo ya kijiji ikifungua pipa, nguzo hiyo hufungiwa tawi la mtambazi, ule mmea wa kijani unaopanda kuta zetu za mawe na kukataa kukauka hata wakati wa baridi, pamoja na kibao chenye umbo la mshale. Mgeni hana haja ya kuuliza. Anafuata tawi, anaingia uani kwa watu, anakaa kwenye benchi, anakunywa mvinyo wa nyumba hiyo na kula nyama ya nyumba hiyo. Tawi likishuka, nyumba inarudi kuwa nyumba, na ukibisha hodi utaulizwa umefiwa au vipi. Siku hizo tunaziita osmica, kwa kuwa zamani zilikuwa nane, na zamu huzunguka kijiji kizima ili majirani wasigombanie wageni. Tunagombania mambo mengine.

Danila alifika Skalnica kwa kufuata tawi hilohilo. Alikuwa msichana wa kijiji cha pili, amevaa viatu vya dada yake vinavyombana, amefuatana na baba yake ambaye alikuwa na kiu ya siku nyingi. Walifika njia panda jioni wakamkuta kijana mrefu amepanda juu ya jiwe, kisu mkononi, anakata kamba ya tawi. Kijana huyo ndiye Albin. Bila hata kugeuka akawaambia, "Mmechelewa. Tumefunga. Rudini mwaka ujao." Kisha akageuka. Akamtazama msichana, akatazama viatu vyake, akalifunga tawi upya kwa fundo kubwa kuliko la kwanza. Baba yake Danila alipata jagi lake, na Danila akapata mume. Kijiji kilicheka sana. Hadi leo kijana akionekana anamtazama msichana kuliko inavyotakiwa, wazee wa kwetu husema, "Huyu naye anafunga tawi upya."

Na baada ya kicheko ikaja kazi, miaka na miaka ya kazi. Nyumba ile ilikuwa na mizabibu michache kwenye udongo mwekundu nyuma ya kanisa, nguruwe wawili kila mwaka, na pishi la mawe chini ya sakafu ya jikoni. Danila aliokota mawe shambani mpaka mgongo ukapinda. Aliyasugua mapaja ya nguruwe kwa chumvi ya bahari mpaka vidole vikapasuka, akayatundika darini kwenye dirisha linaloelekea burja, ule upepo wetu wa baridi ambao unakausha nyama na kuvunja vigae bila kubagua. Albin alikuwa mtu wa mvinyo na maneno. Yeye ndiye aliyekaa na wageni, akawataja kwa majina, akawatania kuhusu wake zao na magari yao. Danila alikuwa mtu wa jikoni. Wako waliokuja kunywa pale miaka kumi bila kuisikia sauti yake, na yeye hakuona ubaya wowote. Sauti ya Albin kupitia dirisha la jikoni ilimtosha.

Sauti hiyo ndiyo iliyoanza kumpotea.

Ilianza na vitu vidogo, kama kawaida ya ugonjwa huo. Albin akatia chumvi kwenye kahawa. Akaenda kupogoa mizabibu aliyokwisha kuipogoa jana. Halafu akaanza kumwita mkewe "mama", kwa adabu, kama mtu anavyomwita mwanamke asiyemjua. Danila akaitika. Ungefanya nini? Alikuwa amezoea kuitwa "bikizee", jina la utani alilopewa na mumewe akiwa bado hajafika hata miaka thelathini, na kila siku lilimkera kidogo. Sasa angetoa mapaja yote ya darini alisikie mara moja tu.

Majira ya baridi yaliyopita Albin alitoka usiku na ndara, burja ikivuma, akakutwa asubuhi kwenye reli, amekaa juu ya tuta akisubiri treni ya kumpeleka jeshini. Alikuwa na miaka sabini na sita. Binti yao, Nada, akaja kutoka Ljubljana, mji wetu mkuu, na uso wa mtu ambaye hakulala. Alizungumza na mama yake taratibu, bila ukali. Alimwambia nafasi imepatikana kwenye nyumba ya wazee kule mjini, mahali pasafi, pana wauguzi, pana bustani yenye ukuta. Alimwambia kwamba mikono yake haiwezi tena kumwinua mwanamume wa kimo kile, na kwamba akiendelea hivi atakufa yeye kwanza. Hakuna neno lililokuwa la uongo. Danila alijua, ndiyo maana hakubisha. Aliomba jambo moja tu.

"Zamu yetu ni mwezi wa nne," alisema. "Mwache afungue osmica yake. Tawi likishuka, njoo umchukue."

Wakakubaliana hivyo. Siku ambayo tawi lingeshuka, Albin angeondoka.

Alichokuwa hakitarajii Danila ni kile kilichotokea asubuhi ya kwanza. Karlo, jirani yao, ndiye aliyepanda kwenye nguzo kufunga tawi, kwa kuwa Albin hakuaminika tena juu ya jiwe. Danila alimvalisha mumewe aproni ya bluu, akamkalisha uani kama unavyomkalisha mtoto, akarudi jikoni kukata mkate. Gari la kwanza likaingia. Ndipo akasikia kupitia dirishani, "Livio! Bado hujafa? Kaa, kaa, mke wako amekuruhusu mpaka saa ngapi?"

Kisu kilimponyoka. Livio ni dereva wa treni mstaafu kutoka Trieste, ng'ambo ya mpaka, aliyekuwa akija tangu hana mvi. Albin alikuwa hajataja jina la mtu tangu Krismasi.

Siku ile yote alikuwa Albin. Alimimina bila kumwaga. Alishuka pishini akagonga pipa kwa vifundo vya vidole, akasikiliza, kama alivyofanya maisha yake yote. Wageni waliotoka kuzungukia nyumba za vijiji vingine walikaa kwake hadi giza, wakaimba, na yeye akawarekebisha sauti. Usiku, aproni ilipovuliwa, mwanga ulizimika usoni mwake na akauliza kwa upole kama basi la kwenda kwao limekwisha pita. Lakini asubuhi Danila alimrudisha uani, akamwonyesha tawi dogo la pili lililokuwa limetundikwa juu ya lango, na mzee akarudi. Hakuwa akimtambua mkewe, hilo tuseme kweli. Alimwona kama mtu wa kusaidia jikoni. Hata hivyo alikuwepo, sauti yake ilikuwa ikiingia dirishani, na Danila alikata nyama nyembamba kama karatasi na kulia kwa namna isiyomzuia mtu kufanya kazi.

Tatizo lilikuwa mvinyo. Kiangazi kilichopita mvua ya mawe ilipiga mizabibu ya nyuma ya kanisa, na mavuno yakajaza pipa moja na nusu. Siku walizoruhusiwa zilikuwa bado hazijafika katikati pipa lilipoanza kulia utupu. Na kwetu sheria ni moja, ya serikali na ya kijiji pia: chini ya tawi lako unauza mvinyo wako. Ukiisha, unashusha tawi, hata kama benchi zimejaa. Yupo mtu mmoja hapa Skalnica, simtaji, ambaye babu yake alichanganya mvinyo wa kununua kabla ya vita, na wajukuu wake mpaka leo wanaitwa "wale wa mchanganyiko". Wengine wamehama, na jina limewafuata huko.

Danila alikaa juu ya ngazi ya pishi akilitazama pipa. Kisha akajifunga kitambaa kichwani akaenda kwa Karlo kwa njia ya nyuma, penye banda la kuku.

Ni lazima ujue kwamba Albin na Karlo walikuwa marafiki wa kutukanana. Shamba la Karlo liko bondeni, udongo wake si mwekundu kama wetu wa juu, na terani yake, ule mvinyo wetu mwekundu mchachu, hutoka laini laini. Albin aliuita maji ya kuoshea buti. Karlo naye aliuita wa Albin dawa ya kung'olea meno. Walikuwa wameitana hivyo miaka hamsini, na kila mmoja akifungua pipa, mwenzake ndiye wa kwanza kuja.

Karlo alimsikiliza Danila mpaka mwisho. Alikuna kidevu, akatazama ukuta.

"Unajua unachoniomba, shemeji?"

"Najua."

"Akijua atakufa kwa aibu."

"Hajui hata mimi ni nani, Karlo. Atajuaje mvinyo?"

 Giza lilipoingia Karlo alileta mvinyo kwa toroli, katika madumu, akaumimina kwenye pipa la rafiki yake kwa mpira, bila kusema, kama mtu anayeiba, japokuwa alikuwa akitoa. Alipomaliza alimwambia jambo moja tu, kwamba Albin asiuonje. Danila akamtoa wasiwasi. Daktari alikuwa amemkataza Albin pombe kwa sababu ya vidonge, na glasi yake siku hizi ilikuwa ya juisi ya zabibu. Alikuwa akimimina tu, hanywi.

Zikapatikana siku nyingine, tena nzuri. Danila hakuwa mtu wa udanganyifu, na kila jagi lililopita dirishani lilimchoma. Lakini nitamlaumu kwa lipi? Alikuwa akinunua sauti ya mumewe, na hakuwa na sarafu nyingine.

Jumapili alasiri ua ulijaa. Jua lilikuwa limetoka, burja imelala, watoto wanarukia kuta. Danila alikuwa jikoni akikaanga mayai na soseji pale Livio aliposimama kwenye benchi na kutangaza kwamba amekunywa kwa Albin miaka thelathini na haijatokea hata mara moja Albin kukataa kugonganisha glasi naye. Watu wakapiga meza. Mtu akasogeza juisi kando, mtu mwingine akaweka glasi ya terani. Hawakuwa na nia mbaya. Walimpenda.

Kilichomfikia Danila jikoni ni ukimya. Ua uliojaa watu, halafu ghafla mafuta ya kikaango peke yake ndiyo yanasikika.

Alitoka na uma mkononi. Albin alikuwa amesimama kwenye kichwa cha meza, ameinua glasi usawa wa macho, anaitazama. Akaonja tena, akauzungusha mvinyo mdomoni, akameza.

"Haya ni maji ya Karlo ya kuoshea buti," alisema.

Watu wakaangua kicheko, wakidhani ni utani wake wa siku zote. Karlo mwenyewe alikuwepo, kwenye benchi ya ukutani, na yeye hakucheka. Albin akangoja kicheko kiishe. Mgongo wake ulikuwa umenyooka kama wa siku za zamani, na sauti yake ilikuwa tulivu.

"Jamani wageni wangu. Mlichokunywa leo si cha nyumba hii. Sijui tangu lini. Hakuna atakayelipa, na naomba radhi." Kisha akageuka. "Nani ametia mvinyo wa watu kwenye pipa langu?"

Karlo akaanza kuinuka. Alikuwa tayari kujitwisha, Mungu ambariki. Lakini Danila alikuwa amekwisha tembea hadi katikati ya ua. Hakuwahi kusema mbele ya wageni maisha yake yote, na sasa wote walikuwa wakimtazama, mwanamke mfupi mwenye uma mkononi.

"Ni mimi, Albin," alisema. "Ni mimi mkeo niliyefanya."

Albin alimtazama. Uso wake haukuwa na hasira. Ulikuwa uso wa mtu anayemsahihisha mgeni kwa adabu.

"Hapana, mama," alisema. "Usimsingizie mke wangu. Jikoni kwangu yupo Danila. Danila hawezi kufanya kitu kama hicho."

Ilikuwa miezi mingi hajalitaja jina hilo. Danila alikuwa amelisubiri usiku na mchana, amelala akilisubiri, na lilipokuja lilikuja kumkana. Alijua amestahili kukanwa, na alifurahi kulisikia jina lake. Yote mawili yalimpata pale pale aliposimama.

Albin alivua aproni, akaikunja vizuri, akaiweka mezani. Akashusha tawi dogo la langoni. Kisha akatoka, akashika barabara ya kwenda njia panda. Hakuna aliyethubutu kumfuata isipokuwa mkewe, na yeye alimfuata kwa mbali, kama unavyomfuata mtoto anayejaribu baiskeli. Hakutaka kumshika mkono. Alikuwa anatembea vizuri mno. Hakukosea njia, hakuuliza basi. Alipofika kwenye nguzo alipanda juu ya lile jiwe, akatoa kisu cha kupogolea mfukoni, akakata kamba mara moja. Tawi likamwangukia begani. Danila alisimama nyuma ya ukuta akiwa ameziba mdomo. Mtu aliyekuwa juu ya jiwe lile alikuwa mume wake mzima, asiyepungua chochote, na alikuwa akikikata kwa mkono wake mwenyewe kitu pekee kilichombakisha nyumbani.

Wakati wanarudi wageni walikwisha kuondoka. Livio alikuwa ameosha glasi akazipanga kwenye meza, mtu mzima yule, na kuondoka bila kuaga. Albin aliingia langoni na tawi lake begani. Alipogeuka kufunga komeo ndipo akamwona mwanamke amesimama barabarani, anahema, ana vumbi miguuni.

Alimtazama. Akamtazama miguu pia, viatu vile vya jikoni vilivyochanika pembeni. Danila alishusha pumzi, akangoja. Nakwambia kweli, kwa kitambo kile alikuwa tena msichana mwenye viatu vya dada yake, na alingoja kwa moyo wote mzee yule ageuke na kulirudisha tawi.

"Pole, mama," Albin alisema. "Umetoka mbali?"

"Mbali kidogo."

"Umechelewa. Tumefunga. Rudi mwaka ujao." Akafikiri kidogo, kisha akaongeza kwa upole, kama mtu asiyetaka kumwacha mwenzake mikono mitupu, "Ningekukaribisha hivyo hivyo, ila mke wangu amechoka. Amefanya kazi siku zote hizi."

Akafunga komeo.

Danila alibaki nje ya lango lake mwenyewe. Wengine wangebisha, wengine wangelia hapo hapo barabarani. Yeye alipandisha sketi kidogo akazunguka nyuma, kwenye banda la kuku, akapita kwenye mwanya wa ukuta, akaingia jikoni kwa mlango wa nyuma. Mayai yalikuwa yameungua. Alisogeza kikaango, akajifunga aproni yake, akasimama mahali alipozoea kusimama, mbele ya ubao wa kukatia, dirisha likiwa mkono wa kushoto.

Akasikia hatua zake kwenye ngazi. Albin akaingia, akalaza tawi juu ya kabati kama kila mwaka, akavuta kiti.

"Nimeshusha, bikizee," alisema.

Danila hakugeuka. Alishika ukingo wa meza.

"Umefanya vizuri," alisema.

"Kuna mama mmoja alikuja mwisho mwisho. Kwa miguu. Nimemrudisha, ila nimemwonea huruma." Alitazama mikono yake. "Sura yake si ngeni. Sijui nimemwona wapi."

"Ulimwambia arudi?"

"Nimemwambia. Mwaka ujao."

"Basi atarudi," alisema Danila, akamkatia mkate.

Albin alikula wote, akaomba mwingine. Nyuma ya mlango wa chumba begi lake lilikuwa tayari, fulana na soksi na wembe, na asubuhi Nada alikuja na gari.